Rithimu Hayumo

Kijiwe chenyewe ni kochi. Ni kochi la watu watatu, la rangi ya damu ya mzee iliyopauka, ambalo mwenyewe alilileta kwa fundi makochi libadilishwe sponji, kisha akahama mtaa na hakurudi. Sasa limekaa nje, kati ya karakana ya fundi huyo na kibanda cha kinyozi, na mbele yake, badala ya meza, kuna spika ya zamani iliyolazwa kifudifudi, imetandikwa gazeti, imejaa vikombe vya kahawa. Alasiri, kivuli cha ghorofa la jirani kikishafika kwenye kochi, wenyewe nao wanafika mmoja mmoja, kila mtu na uchovu wake, na hakuna anayemwuliza mwenzake habari za kutwa, maana kutwa yenyewe inaonekana usoni.

Siku hiyo wa kwanza kukaa alikuwa fundi makochi mwenyewe. Mtaani wanamwita Rithimu, kwa sababu ujanani alipiga gitaa la rithimu kwenye bendi ya dansi. Watu wengi hawajui rithimu ni gitaa lipi. Wanamkumbuka mwimbaji, wanamkumbuka wa solo aliyekuwa akiinama mpaka magoti yaguse jukwaa, wanamkumbuka hata wa tarumbeta. Rithimu ni yule wa mkono wa kulia, karibu na pazia, taa isipofika, anayekwangua nyuzi zilezile tangu wimbo unaanza mpaka unaisha ili wenzake wapate pa kukanyaga. Akiacha, wimbo unapwaya. Asipoacha, hakuna anayejua kama yupo.

Alitema misumari midogo iliyokuwa mdomoni, akaitia kwenye mfuko wa shati pamoja na simu yake ya vitufe. Alikuwa anasubiri simu ya binti yake.

Binti huyo ndiye aliyetengeneza albamu iliyokuwa ikilia kwa kinyozi wiki nzima. Kijiweni hakuna aliyejua. Wao wanamjua kwa jina la kisanii, Binti Umeme, na wala hawakuwa na habari kwamba huyo Umeme ndiye kale katoto kalikokuwa kakilazwa ndani ya kasha la gitaa nyuma ya jukwaa ili baba yake amalize kazi. Binti alizichukua nyimbo za bendi za zamani, akazikatakata kwenye kompyuta, akazitia midundo ya mashine, na juu yake akaimba mwenyewe. Jumapili alimpigia baba yake simu.

— Nimekuweka humo, Baba. Wimbo wa nne. Nimekuweka palepale ulipokuwa unasimama, mkono wa kulia.

Kisha akamwomba. Albamu imekwisha kutoka, ila Jumamosi ndiyo anaizindua rasmi ukumbini. Anataka baba yake aje na gitaa, wapande wote jukwaani kwa wimbo huo mmoja tu. Rithimu akasema atampa jibu Alhamisi. Leo ndiyo Alhamisi.

Simu yake ni ya kupigia na kupigiwa, basi. Kwa hiyo wimbo wa nne aliusikilizia kwa kinyozi, kila siku, sindano mkononi. Aliwasikia waimbaji wa bendi yao. Aliisikia tarumbeta. Aliisikia mashine. Yeye hakujisikia. Alitega sikio mpaka akachoka. Hayumo.

Kukatwa angevumilia, alishakatwa na wengi. Kilichomuuma ni kwamba mtoto wake amemdanganya kwa upole, kama mgonjwa anavyodanganywa kwamba leo ana nafuu. Sasa apande jukwaani ajifanye anapiga kitu ambacho hakimo? Alikwisha kuamua. Atasema mguu unamsumbua. Asubuhi aliujaribu uongo huo kwa mkewe, na mkewe akaegemeza ufagio ukutani akamtazama.

— Mguu upi?

Rithimu alishindwa kuchagua.

Mama Kahawa alifika na chupa yake, akapanga vikombe juu ya gazeti. Nyuma yake akaja Fundi Waya, mtengeneza redio, mtu wa miwani mizito. Mwisho akaja Bwana Mlango, ambaye enzi za dansi alikuwa mkata tiketi kwenye mlango wa ukumbi, na jina halijamtoka tangu hapo. Ndani ya kibanda, kinyozi, kijana wanayemwita Wembe, alikuwa anamnyoa mteja ndevu, huku spika iliyo juu ya rafu ikilia.

— Leo nyepesi, — alisema Fundi Waya kabla hata ya kuonja.

— Ni ileile ya jana, — Mama Kahawa alimjibu. — Kilichochoka ni mdomo wako.

Fundi Waya alipiga funda, akakunja uso. Hakuwa anaikunjia kahawa. Alikuwa anausikiliza mwanzo wa wimbo.

— Wembe. Unaisikia hiyo mikwaruzo?

— Ya santuri? Naisikia. Raha yake ndiyo hiyo, Fundi.

— Huu wimbo umeimbwa mwaka huu. Haujawahi kukanyaga santuri. Hiyo mikwaruzo imewekwa. Mtu mzima amekaa kwenye kiti, ametafuta mikwaruzo, ameichagua, ameridhika nayo. Mimi haya macho yangu yameishia kwenye kuondoa mikwaruzo ya watu.

— Ni kuleta ladha ya zamani.

— Hiyo zamani nilikuwepo. Tulikuwa tunaitukana.

— Ndiyo mambo ya sasa, — alisema Mama Kahawa. — Mwanangu kanunua suruali mpya, imekwisha kuchanika magoti. Nikamwambia, si ungenipa ile ya zamani nikuchanie hapahapa nyumbani.

Bwana Mlango alikuwa anaupuliza mvuke wa kikombe chake, bila haraka, kama mtu mwenye neno ambalo halitamkimbia.

— Tatizo mnalizungukazunguka, — alisema. — Sauti zimekwisha.

— Sauti zipi?

— Za muziki. Zilikuwa chache tangu mwanzo, mwulizeni mtu yeyote wa kinanda. Bendi nazo zilikuwa nyingi, zinapiga usiku kucha. Zikatumika, zikatumika, zikaisha. Hawa watoto wamekuta sufuria tupu. Wanakwangua ukoko.

— Wewe bendi ulizisikilizia wapi? — aliuliza Fundi Waya.

— Si mlangoni.

— Nje.

— Mlango una pande mbili.

— Na wewe ulikuwa upande wa nje.

— Ndiyo faida yake, ndugu yangu. Wa ndani walikuwa wanacheza, nani alisikiliza? Mimi nilikuwa nimeegemea ukuta, ukuta unatetemeka. Muziki wote naujua kwa mgongo.

— Basi tuambie huo unaolia sasa ni wa bendi gani.

Bwana Mlango alikiweka kikombe chini, akanyanyuka kwa kushika kiuno, akaenda kuegemea ukuta wa kibanda. Akafumba macho. Mteja wa ndevu akamchungulia kwenye kioo.

— Hii siyo bendi, — alisema hatimaye. — Hii ni friji.

Wimbo ukaisha. Rithimu alijua kinachofuata, na kila siku alikisubiri kama mtu anayefungua mlango wa nyumba aliyokwisha kuambiwa haina mtu.

Wimbo wa nne ulianza. Ikaja mikwaruzo ya kutengenezwa, kisha sauti ya mwimbaji wao wa kwanza, marehemu, changa mno, imelowa kidogo kwa sababu siku ile alikuwa na mafua. Wakamjibu wenzake wawili. Tarumbeta ikaingia, ikatamba, ikatoka. Halafu midundo ya mashine, ikiwa hewani tu, haina pa kushika. Rithimu aliinamisha kichwa. Alipita kwenye wimbo ule kama mtu anayepapasa ukuta gizani akitafuta swichi. Hakuna.

— Mzee Rithimu, — aliita Wembe kutoka ndani, — hii si ndiyo bendi yenu?

— Ndiyo.

— Sasa wewe uko wapi humu?

Swali lilimkuta na kikombe mdomoni. Alimeza polepole.

— Simo.

— Wamekukata?

— Sijui, baba.

— Wamemkata, — alisema Fundi Waya, kwa sauti ileile anayotumia kumwambia mteja kwamba redio yake imeungua. — Kompyuta ndivyo inavyofanya kazi. Ukiipa wimbo, kwanza inauliza, humu nani ana jina? Asiye na jina inamfuta, kuokoa nafasi.

— Inamjuaje mwenye jina? — Mama Kahawa aliuliza.

— Inafuata makofi. Nyimbo za zamani zilirekodiwa ukumbini, watu wamo. Palipopigwa makofi inahifadhi. Pasipopigwa inapita na ufagio.

— Rithimu hakupigiwa makofi?

— Mwulize mwenyewe.

Rithimu hakuulizwa, maana Bwana Mlango alikwisha kurudi kwenye kochi na lake.

— Hawafuti. Kitu kizuri kama hicho hakifutwi. Wanamkata hapa, wanampeleka kwingine. Mimi nakuapia, Mzee Rithimu, niliwahi kukusikia kwenye tangazo la sabuni.

— Uliisikia kwa mgongo? — aliuliza Fundi Waya.

— Redio ilikuwa nyuma yangu, ndiyo.

— Kwa hiyo sasa yuko kwenye sabuni.

— Yuko kwenye sabuni, na mwenzake wa besi yuko kwenye mlio wa simu za watu, na watu wanajibu simu hawajui wanamkatiza nani. Siku moja nyimbo zote za zamani zitakuwa zimetawanywa hivyo. Ukitaka kuusikia wimbo mzima itabidi ukusanye watu mia, kila mtu na kipande chake, na mmoja wao awe anafua.

Mama Kahawa alicheka peke yake, kwa pua. Wembe alitokea mlangoni, mashine ya kunyolea mkononi.

— Mnamwonea Binti Umeme. Angekuwa hana heshima angechukua nyimbo za ng'ambo. Yeye karudi nyumbani, kawatafuta wazee.

— Heshima gani ya kumkata mzee wa watu?

— Labda hakumkata, Fundi. Labda hata kwenye ule wenyewe alikuwa hasikiki.

Wembe aliitazama mashine yake kama vile ndiyo iliyosema.

— Sikusema kwa ubaya, mzee wangu.

— Najua, — alisema Rithimu. — Umesema tu.

Na hilo ndilo lililomchosha zaidi, kwamba lilisemwa bila ubaya. Alizitazama ncha za vidole vyake. Zamani zilikuwa na sugu za nyuzi, sasa zina sugu za sindano ya makochi, na yeye mwenyewe hakumbuki ni lini zile ziliondoka na hizi zikaingia. Hata sponji ya kochi alilokalia aliiweka yeye. Hakuna anayekaa akaisifia sponji.

— Kwani si umwulize mwenyewe huyo binti? — alisema Mama Kahawa, akimwongeza kahawa bila kuombwa.

— Watu kama wale hawapokei simu, — alisema Bwana Mlango. — Wana mtu wa kuwapokelea.

Rithimu alijigusa mfuko wa shati. Simu ilikuwa kimya kati ya misumari.

Wakati huo akaja mama mmoja kijana, mgeni pale, mtoto wa kiume amembeba kiunoni na mfuko mzito wa nguo umening'inia begani. Alisimama mbali kidogo mpaka alipotazamwa.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama. Karibu.

— Nilikuwa naomba kumnyolesha. Ndiyo mara yake ya kwanza.

— Namalizia kidevu hiki, dada yangu, — Wembe alimwambia. — Kaa hapo na wazee.

Walijisogeza. Akakaa ukingoni kabisa, akampakata mtoto, na mfuko ukabaki unamning'inia begani kwa sababu hakuona pa kuuweka. Chini palikuwa na nywele. Aliitazama ile meza yao na vikombe vyake. Akaitazama spika iliyokuwa ikilia kwenye rafu ya ndani. Akarudisha macho mezani.

— Samahani, — alisema, karibu kwa kunong'ona. — Hii si pacha wa ile ya ndani?

— Ipi?

— Hii yenye vikombe. Kwa nini hii hailii?

Wote waliitazama meza yao.

Fundi Waya alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena, na spika ilikuwa ingali pale.

— Iliharibika, — alisema Wembe.

— Nani alisema imeharibika?

— Si wewe, Fundi.

— Mimi nilisema nitaiangalia.

— Ukaiangalia?

— Nilikuta Mama Kahawa ameweka vikombe.

— Mimi nilikuta gazeti, — alisema Mama Kahawa. — Kwenye gazeti mtu anaweka vikombe.

— Gazeti liliwekwa na nani? — aliuliza Fundi Waya.

— Liliwekwa kwa sababu spika ilikuwa imelala.

— Na aliyeilaza?

Mama wa watu aliona aibu, akaanza kumrekebisha mtoto kola ambayo haikuwa na tatizo.

Rithimu aliusogeza mkono wake kwenye ukingo wa spika, taratibu, kama anayegusa mnyama aliyelala.

— Hii ni ya upande gani? — aliuliza.

— Vipi?

— Ile ya ndani ni ya upande gani, na hii ya upande gani?

Fundi Waya alinyanyuka, akaenda ndani, akainama nyuma ya mashine ya muziki. Alikaa huko muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Aliporudi alikuwa anaongea na viatu vyake.

— Ile ni ya kushoto. Hii ni ya kulia. Waya wake haujafungwa kabisa.

Rithimu alitaka kukiweka kikombe chini, akakumbuka anakiweka juu ya nini, akakirudisha mkononi.

— Toeni vikombe, — alisema.

— Ngoja tumalize kahawa kwanza, — alisema Bwana Mlango.

— Imekwisha, — alisema Mama Kahawa. Aliiinamisha chupa, likadondoka tone moja. Sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye angeimwaga hata kama ingekuwepo.

Waliinua spika wakaigeuza, uso ukatazama juu. Mgongoni ilikuwa na duara za vikombe, moja juu ya nyingine. Usoni ilikuwa na vumbi na nywele za mtaa mzima. Bwana Mlango aliipuliza, akakohoa. Fundi Waya alivuta waya kutoka ndani, akaumenya kwa meno.

— Bendi za zamani zilirekodiwa hivyo, — alisema huku akizisokota nyuzi za waya. — Waimbaji na tarumbeta huku, magitaa kule. Kwa hiyo mtu usipofunga ya kule...

— Usimalize, — Rithimu alimwambia.

— Simalizi.

— Niache iendelee hapahapa, wimbo wa sita? — aliuliza Wembe.

— Rudisha wa nne.

Ikaja mikwaruzo, safari hii pande zote mbili. Ikaja sauti ya marehemu na mafua yake, kutoka rafuni. Na chini, usawa wa magoti yao, kwenye kitu walichokuwa wakikiwekea kahawa, likaanza gitaa. Chaka-cha, chaka-cha. Halikupanda, halikushuka. Lilikuwa linatembea tu, kama mtu aendaye kazini.

Rithimu hakusogea. Ile midundo ya mashine, ambayo wiki nzima aliiona imekaa hewani haina pa kushika, haikuwa hewani. Ilikuwa imeshika mkono wake. Kila pigo lilikuja mahali mkono wake ulipolitangulia. Waimbaji, tarumbeta, mashine, na binti yake mwenyewe alipoingia kuimba, wote walikuwa wanakanyaga pale alipokanyaga yeye.

Kwenye ubeti wa pili alijikaza, kwa sababu alikumbuka. Siku ile ya kurekodi kidole kilimteleza, akachelewa kidogo, hakuna aliyejua isipokuwa yeye. Kikaja kile kidole, kikateleza. Na mashine ikateleza nacho. Ikachelewa vilevile, halafu wakainuka pamoja wakaendelea.

— Hicho ni kitu gani? — aliuliza Bwana Mlango.

— Ndiyo rithimu hiyo, — alisema Mama Kahawa.

— Sijawahi kuisikia.

— Ulikuwa nje.

Walibaki hivyo, kila mtu na kikombe kitupu mkononi, maana meza yao ilikuwa inaimba. Mama kijana bado alikuwa na mfuko wake begani. Mtoto aliteremka mapajani, akaweka kiganja juu ya spika, akakiacha hapo.

Simu ikalia. Rithimu aliichomoa mfukoni, misumari ikamwagika kwenye kochi.

— Baba, shikamoo.

— Marahaba. Ngoja kidogo, mwanangu. Nipo kazini.

Hakukata. Aliishika simu karibu na goti mpaka wimbo ulipoisha, na upande wa pili binti yake naye akawa anasikiliza. Alipoirudisha sikioni kochi zima lilikuwa linamtazama.

— Ubeti wa pili niliteleza, — alisema.

— Najua, Baba.

— Mbona hukufuta?

— Ningefuta, nani angejua kama ni wewe?

Rithimu aliokota msumari mmoja, akautia mfukoni, akaokota mwingine. Alikuwa amechoka, lakini uchovu wenyewe ulikuwa umebadilika, ukawa kama ule wa kushuka jukwaani.

— Mama kaniambia mguu unakusumbua, — alisema binti yake.

— Upi?

— Mimi ndiyo nakuuliza wewe.

— Basi, — alisema Rithimu. — Niambie tu, Jumamosi ni saa ngapi.